Kijiduara cha mamilioni: chapa ya huduma za sanaa za kaunti ni nini hasa?

Ami yangu anauza leso Biashara Street, Mombasa, na simu yake hailali kwa makundi ya WhatsApp. Siku moja nilipita kumwamkia, akanigeuzia kioo nione. Palikuwa na logo mpya ya idara ya utamaduni ya kaunti moja ya bara: duara, mistari mitatu ya rangi, basi. Chini yake maoni ya watu yalikuwa yakichemka kama mafuta ya viazi karai.

"Hebu nieleze mwanangu, kazi hizi si ndizo zako?" akaniuliza. "Hiki kijiduara ndicho kilicholiwa mamilioni? Huyu mtoto wa jirani si angekichora?"

Swali la ami si la kijinga, wala si lake peke yake. Kila kaunti au halmashauri inapozindua sura mpya ya tamasha, ya ukumbi, ya maktaba au ya idara nzima ya sanaa, maneno huwa ni yaleyale, na aghalabu hakuna anayejibu. Wanaoijua kazi hujificha nyuma ya lugha ya kitaalamu, na waliolipa hujificha tu. Mimi ni dizaina, nimekula na kulala na kazi hizi kwa miaka kadhaa, na naona ugomvi mwingi huzuka kwa sababu tunaita vitu vinne kwa jina moja.

Vitu vinne, jina moja

Kitu cha kwanza ni ngao. Hii ni alama ya mamlaka. Kwa Kenya, kifungu cha 4 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 kinaitaka kila kaunti itunge sheria ya kuweka alama zake tatu: bendera, ngao na muhuri wa umma. Kamati kuu ya kaunti huziandaa kwa kushauriana na watu, kisha bunge la kaunti huzipitisha. Kwa hiyo gavana hawezi kuamka na hamu ya kubadilisha ngao akaibadilisha, wala dizaina hana mamlaka hayo. Kwa jirani zetu wa Tanzania, barua za halmashauri kwa kawaida hubeba Ngao ya Taifa, ile ya bibi na bwana walioshika pembe za ndovu juu ya maneno Uhuru na Umoja.

Cha pili ni logo, alama ndogo ya kukutambulisha haraka. Haihitaji sheria ya bunge. Tamasha linaweza kuwa nayo, maktaba inaweza kuwa nayo, hata kibanda cha viazi.

Cha tatu ndicho watu wengi hawakijui, na hapo ndipo pesa nyingi za usanifu huenda: utambulisho wa kuona. Huu ni mpango mzima wa rangi, fonti (yaani sura ya herufi), picha, nafasi na lugha, unaofanya bango, tiketi, kibao cha mlangoni na ukurasa wa mtandaoni vionekane ndugu hata logo ikifunikwa kwa mkono.

Cha nne ni chapa yenyewe, yaani yale ambayo mtu huyakumbuka na kuyatarajia anaposikia jina lako. Hii haikai kwenye kompyuta yangu. Imo kichwani mwa mwananchi, na aliiweka humo mwenyewe, kwa yaliyompata.

Nilipomweleza ami hivyo alikunja uso. Nikachukua leso mbili kutoka kwenye rafu yake. Leso (watu wa Dar mtasema kanga) ina pindo linaloizunguka pande zote, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Maua hubadilika kila toleo, rangi hubadilika, jina leo ni la mapenzi na kesho ni la kumpiga kijembe jirani. Lakini hakuna mwanamke wa pwani atakayeitazama leso akadhani ni kitenge. Ile kanuni ya pindo, mji na jina ndiyo utambulisho wa kuona: inashikilia vitu vitatu na kuacha vingine vyote huru.

Na logo je? Pembeni mwa leso nyingi za Mombasa pamechapwa K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Nimeona akina mama wakiipindua leso kutafuta maneno hayo kabla hawajauliza bei. Yale maneno ni logo. Kinachowafanya wayatafute ni chapa.

"Kumbe," akasema ami, "kinachotukanwa mtandaoni ni Mali ya Abdulla peke yake, na leso yenyewe hakuna aliyeiona."

Ndivyo hasa. Na kosa si la wananchi. Kaunti ndiyo iliyorusha kijiduara mtandaoni kikiwa uchi, bila bango hata moja, bila kibao, bila tiketi, kisha ikashangaa watu wamekiona kitupu.

Kwani ngao haitoshi?

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ningependa tukae kidogo.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Ukisoma kipengele hicho utacheka: kinaanza na kamari na kasino, kinakwenda mbio za mashindano, kinapita leseni za pombe, kisha sinema, video, maktaba, makumbusho, michezo na utamaduni, mpaka bustani na fukwe. Yaani maktaba imeketi benchi moja na leseni ya baa. Kisheria hakuna ubaya, ni njia ya kupanga kazi. Kwa sura inayomtazama mwananchi, ni balaa.

Fikiria pale ambapo mwananchi wa kawaida hukutana na ngao ya kaunti yake. Kwenye mlango wa gari la kanjo, askari wa kaunti. Kwenye risiti ya maegesho. Kwenye notisi iliyobandikwa kibandani ikimpa siku saba ahame. Sasa chukua ngao hiyohiyo, iweke juu ya bango la mchezo wa kuigiza wa Jumamosi, ulibandike sokoni. Mama mboga atalitazama kwa mbali, na kabla hajasoma neno moja moyo utamwenda mbio. Hajui kama ni mwaliko au ni samansi.

Ngao huamuru, na inapaswa kuamuru. Huduma za sanaa hualika. Hakuna anayelazimishwa kwenda kwenye ngoma, maonyesho ya picha au kisa cha watoto maktabani. Asipojisikia kukaribishwa atabaki nyumbani, na ukumbi utabaki na viti vya plastiki na hotuba ya waziri wa kaunti. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kuipa sanaa sura yake, na huwa nashangaa haisemwi kwenye uzinduzi, mahali pake tunaambiwa habari za "kuakisi maono".

Sababu ya pili ni ya vitendo: majina ya idara hayakai. Idara za kaunti hubeba majina kama mkokoteni wa kuhama nyumba, utamaduni, michezo, vijana, jinsia na huduma za jamii, yote kwa pamoja, na baraza likipangwa upya kimoja huteremshwa na kingine hupandishwa. Tanzania imeshuhudia hayo kwenye ngazi ya wizara, neno Habari likitolewa kwenye wizara ya utamaduni, sanaa na michezo na baadaye kurudishwa. Ukichonga jina la idara kwenye jiwe la ukumbi, kesho utalikwangua. Jina la ukumbi, la tamasha au la maktaba huishi kuliko gavana yeyote. Watu wa Nairobi hawamjui mkurugenzi wa idara inayosimamia maktaba ya McMillan, lakini wale simba wa mawe mlangoni mwa jengo hilo lililofunguliwa mwaka 1931, kila mtu anawajua.

Ukoo, jina la baba, na mtoto aliyejitegemea

Ukishakubali kwamba sanaa inahitaji sura yake, swali gumu linafuata: sura hiyo iwe na uhusiano gani na kaunti iliyoizaa? Kuna njia tatu, nami huzieleza kwa mfano wa ukoo.

Njia ya kwanza, wote wavae sare. Kila huduma, ya taka na ya muziki, inabeba alama moja. Amsterdam imeshika njia hii kwa sehemu kubwa: misalaba mitatu iliyopangwa wima, mmoja juu ya mwingine, iliyotoka kwenye ngao ya kale ya mji, imewekwa kwenye barua, magari na vibao vya manispaa. Faida yake ni kwamba mlipa kodi anaona pesa zake zinakwenda wapi. Hasara yake nimeshaitaja kwa habari ya gari la kanjo. Kama watu wanaipenda serikali yao ya mtaa, sare inafaa. Huku kwetu, jijibu mwenyewe.

Njia ya pili ni mtoto aliyejitegemea. Mwaka 2007 halmashauri ya jiji la Glasgow, Uskochi, iliviondoa utamaduni na michezo mikononi mwake moja kwa moja na kuviweka chini ya shirika la hisani lililoundwa kwa kazi hiyo, ambalo tangu mwaka 2010 limejulikana kwa jina la Glasgow Life. Mtu anayeingia makumbusho ya Kelvingrove au maktaba ya mtaani anakutana na jina hilo, si la halmashauri. Uhuru ni mzuri, lakini nina shaka nao kidogo: maktaba ikifungwa, lawama iende kwa nani? Sura inayojitegemea humpa diwani pahali pa kujificha.

Njia ya tatu ni jina la mtu na jina la baba. Tamasha lina jina lake kubwa, rangi zake na furaha zake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna "huduma ya Kaunti ya" fulani. Kama Ali bin Juma: ukimwita barabarani utamwita Ali, lakini siku ya posa Juma lazima atajwe. Kwa mazingira yetu mimi huipigia kura hii. Mwananchi anaalikwa bila kutishwa, na bado anajua mlango wa kugonga choo cha ukumbi kikiharibika.

Zamani hizo Amsterdam hiyohiyo yenye sare ilikuwa na mtoto mmoja aliyevaa atakavyo. Ni makumbusho ya sanaa ya Stedelijk, ambayo jina lake kwa Kiholanzi maana yake ni "ya manispaa" tu. Mkurugenzi wake Willem Sandberg, aliyeyaongoza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa msanifu mwenyewe, na mabango mengi na katalogi nyingi alizichora kwa mkono wake. Mwaka 1963 akaingia msanifu Wim Crouwel, akaleta gridi: ukurasa ukagawanywa kwa mistari ile ile, kila kitu kikajua pa kukaa, mpaka mwaka 1985 alipoacha. Maonyesho yalibadilika kila mara, kutoka mchoraji hadi mchongaji, lakini mabango yakawa ni ya nyumba moja. Pindo, mji na jina.

Mji wa vigae

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Porto, kaskazini mwa Ureno. Si wa idara ya sanaa peke yake, ni wa manispaa nzima, ila umejibu swali ambalo kila afisa utamaduni wa Afrika Mashariki huniuliza: tutachagua alama gani wakati tuna makabila kumi, bahari, mlima na ngoma ishirini?

Porto ilikuwa na tatizo tunalolijua. Kila idara na kila kampuni ya manispaa ilikuwa na kinembo chake, na mji mzima ulikuwa kama ubao wa matangazo ya waganga. Mwaka 2014 kazi ikakabidhiwa White Studio, studio ya palepale mjini iliyokuwa ikiongozwa na Eduardo Aires. Wangeweza kuchora daraja la Dom Luís wakamaliza. Lakini kwa mmoja Porto ni daraja, kwa mwingine ni mnara wa Clérigos, kwa mwingine ni mto Douro, tramu au mvinyo. Ukichagua kimoja, umewanyima wengine mji wao.

Wakatazama ukutani. Porto ina vigae vya buluu na nyeupe kila mahali. Ukumbi wa stesheni ya São Bento peke yake una takriban 20,000, vilivyochorwa na Jorge Colaço. Mji ulikuwa tayari umeshajiandika kwa buluu. Wasanifu wakachora vijialama kwa mstari wa buluu, kila kimoja kikikaa ndani ya mraba kama kigae, na mistari ya kimoja ikiweza kuungana na ya jirani yake. Vikazidi 70. Ukitaka kidogo, unachukua kimoja cha kofia. Ukitaka ukuta mzima, unavipanga vyote. Tukio la muziki lina vigae vyake, shughuli ya mtoni ina vyake, na kikizaliwa kitu kipya mjini kinachorwa kigae kipya bila kubomoa nyumba. Juu ya hayo wakaliandika jina la mji na nukta mwishoni mwake: Porto. Kama mtu anayesema, huu ni Porto, nukta, hakuna nyongeza.

Angalia walichofanya. Hawakubuni kitu cha kigeni wakakipachika. Walitafuta kitu ambacho watu wa mji walikuwa nacho machoni kila siku, wakakitengenezea kanuni. Ndiyo maana kazi ya namna hii huanza kwa miguu, sokoni, stendi, kwenye mlango wa ukumbi, na si kwenye kompyuta. Na ndiyo maana naomba radhi kwa niaba ya madizaina wote wa pwani kwa kila mlango wa kuchongwa na kila jahazi tulilolipachika kwenye kila kitu kuanzia hoteli hadi chama cha akiba. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara mbili.

Yanayosemwa mitaani

"Nembo lazima ionyeshe kila kitu chetu." Hili ndilo linaloua kazi nyingi kamatini. Mheshimiwa wa kata ya ufugaji anataka ng'ombe, wa kata ya bahari anataka samaki, kina mama wanataka kikapu, vijana wanataka maiki, na mwishowe inaongezwa mikono miwili inayosalimiana, haikosi kamwe mikono inayosalimiana. Ukiipunguza ikae kwenye duara la picha ya wasifu kwenye simu, inakuwa kama doa la mchuzi. Kazi ya logo ni kutambulisha, si kueleza. Wewe hukuitwa kwa jina linaloorodhesha tabia zako. Watalii Amsterdam huhadithiwa kwamba misalaba mitatu ni moto, mafuriko na tauni. Hiyo ni ngano ya mjini tu, misalaba ni ya Mtakatifu Andrea, na wengi wa wenyeji hata hawahangaiki na maana. Alama inafanya kazi. Hapa Mombasa zile pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue zilisimikwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ufalme wa Kiingereza, na leo anayepita chini yake hafikirii malkia hata kidogo. Anafikiria Mombasa, na pengine herufi M.

"Chapa nzuri italeta watu." Italeta macho. Watu huletwa na kilichomo ndani, na huletwa mara ya pili na namna walivyotendewa mara ya kwanza. Bango zuri la ukumbi unaovuja ni hasara maradufu, kwa sababu limeahidi. Na kuna upande wa pili wa jambo hili. Amsterdam ilizindua kaulimbiu ya I amsterdam mwaka 2004, na herufi zake kubwa, zinazopita kimo cha mtu, zikasimamishwa nyuma ya makumbusho ya Rijksmuseum. Zilipendwa kupita kiasi. Umati wa kupiga picha ukawa kero, baraza la jiji likaona zinawakilisha utalii wa kujazana na ubinafsi, na Desemba 2018 zikaondolewa pale. Chapa iliyofanikiwa ikawaudhi wenye mji.

"Ni rangi tu." Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Sitaki kufufua mabishano yale yote, ila ni mfano mzuri wa kutenganisha mambo: kupaka ukumbi wa kaunti rangi ya kaunti ni utambulisho, kumwagiza mwenye duka apake ukuta wake ni amri. Ya pili inahitaji mjadala tofauti kabisa, hata kama kopo la rangi ni lilelile.

"Tufanye shindano, vijana watashiriki." Nia ni njema, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015 inalitaja shindano la usanifu miongoni mwa njia halali. Shida iko kwenye namna linavyoendeshwa. Vijana mia wanafanya kazi bure ili mmoja apate zawadi na cheti. Hakuna aliyeongea na wenye ukumbi wala wasanii, kila mmoja amechora anachokidhania usiku chumbani kwake, na majaji wanachagua picha inayopendeza siku ile. Ni kama kupima nguo kwa kuitazama dirishani. Afadhali kaunti iombe kazi za nyuma za waombaji, iteue watatu, iwalipe wote watatu kwa wazo la awali, kisha iendelee na mmoja. Ni gharama zaidi mwanzoni, ni nafuu baadaye.

Basi mamilioni yanakwenda wapi?

Sitawatetea wote. Kuna kazi zilizolipwa kwa ujazo wa koo la mtu badala ya ujazo wa kazi, na wanaofanya hivyo wanajijua. Lakini kazi ya haki ina sehemu ambazo hazionekani kwenye kijiduara.

Kuna kusikiliza, ambako huchukua majuma. Kuna kuamua: nani anaalikwa, kwa lugha gani, na nini kitaachwa. Kamati zinapenda kuchagua rangi kwa sababu hakuna anayekosea kwenye rangi, lakini hukimbia swali la nini kiachwe. Kisha kuna uchoraji, ambao kwa kweli ndio sehemu fupi. Halafu majaribio. Logo ya huduma za sanaa huku kwetu haitaishi kwenye karatasi ya kung'aa. Itapigwa muhuri wa mpira. Itafotokopiwa mara nne mpaka ibaki kivuli. Itachapwa kwenye fulana na fundi wa mtaani mwenye rangi mbili tu, itachorwa ukutani kwa brashi na mtu ambaye hana kompyuta, na itapelekwa kwa WhatsApp mpaka ichujuke. Ikivuka hapo, imefaulu.

Na herufi. Hili watu hulipuuza, nami hunikera. Fonti nyingi tunazopewa zilipangwa kwa lugha ya maneno mafupi. Kiswahili kina "tutakapowakaribisha" kwa neno moja, na neno hilo likiwekwa kwenye bango jembamba kwa herufi nene, ama linakatwa vibaya ama linapunguzwa mpaka halisomeki. Kina ng' yenye kibainishi, ambacho fonti mbovu hukigeuza pengo katikati ya neno, ukasoma ng na ombe kama watu wawili waliogombana. Kwa Lamu na Mombasa kuna pia urithi wa kuandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na tamasha la mashairi linalotaka kuuonyesha linahitaji mtu anayeijua hati ile, si kunakili kutoka mtandaoni herufi zilizogeuzwa. Dizaina anayefikiria haya tangu mwanzo anastahili malipo yake.

Baada ya mchoro huja mwongozo wa matumizi, kitabu cha kanuni: rangi zipi kwa namba zake, nafasi kiasi gani kuzunguka alama, jina la mfadhili likae wapi na lisizidi ukubwa gani. Hilo la mwisho litawaokoa. Bila hilo, kampuni ya soda itakula bango lote. Kisha vibao, uchapishaji, kupaka kuta, kubadilisha kurasa. Mara nyingi fungu hili ndilo kubwa kuliko usanifu wenyewe, na ndilo linalochanganywa nao kwenye vichwa vya habari.

Mwananchi ana haki ya kuuliza haya yote. Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya inataka uwazi na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, na tangu mwaka 2016 kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya kuombea nyaraka. Ukipata nafasi kwenye baraza, usiulize kwa nini ni duara. Uliza usanifu ulilipwa kiasi gani na vibao kiasi gani. Uliza mwongozo wa matumizi uko wapi na nani ofisini anaushika. Uliza leseni ya fonti ni ya nani, maana sheria ya hakimiliki ya Kenya humpa aliyeagiza kazi haki ya mchoro pasipo makubaliano mengine, lakini fonti na picha zilizonunuliwa kwa leseni ni habari nyingine. Na uliza faili za asili zimehifadhiwa wapi.

Swali hilo la faili si la utani. Miaka michache iliyopita afisa utamaduni wa mahali fulani, mtu muungwana sana, alinipigia simu siku mbili kabla ya tamasha. Alitaka bango. Nikamwambia, "Sawa kaka, nitumie logo yenu." Ikaja picha ya WhatsApp: barua rasmi iliyokunjwa, imewekwa mezani, imepigwa kwa pembeni, kivuli cha kidole chake kikiwa juu ya robo ya alama. Nikaomba faili ya asili. Aliyeichora alikuwa ameshamaliza mkataba. Kompyuta ilikuwa imehamishiwa ofisi nyingine, na huko ikapanguswa. Mwongozo, akasema, ulikuwepo, aliwahi kuuona.

Muda haukuwepo. Nikaichora upya kwa kuifuatisha picha ile, nikabahatisha ile robo iliyofichwa na kidole. Bango likatoka, tamasha likafana. Mwezi uliofuata nikaona kibao kipya nje ya ukumbi wao, kimechongwa kwa chuma, kizuri, cha kudumu. Walikuwa wametumia ya kwangu.

Barua bado zinatoka na ile ya zamani.